Fundi wa Video Anajibu: Fremu Kuu Yako Imefungwa Kwenye Nini?

Barua nyingi za mwezi huu zimeleta kilio kimoja kwa sauti mbalimbali: mtu ameupanga mwendo wa picha kwa uangalifu, kisha akaipunguza klipu, akairefusha au akaihamisha, na mwendo wote ukaharibika. Kwa wasomaji wapya, fremu kuu, ambazo vijana wa studio huziita kifreimu, ni zile alama ndogo zenye umbo la almasi tunazoziweka kwenye klipu ili kuiambia programu kwamba katika sekunde hii picha iwe na ukubwa huu, na katika sekunde ile iwe na ukubwa ule. Safari ya katikati programu huikokotoa yenyewe. Nimezipanga barua hizi kuanzia ile inayouliza jambo la msingi zaidi.

Ndugu Fundi, mimi hurekodi harusi hapa Tanga. Bibi harusi mmoja aliniletea picha 40 za familia nizitengenezee video fupi. Kila picha niliipa sekunde 8, ikivutwa karibu taratibu kutoka asilimia 100 hadi 120. Baadaye wakaomba kila picha iwe sekunde 5. Nilipokata mwisho wa picha, mvuto haukufika unakotakiwa; nilipojaribu kukata mwanzo, picha zikaanza zikiwa zimekwisha kuvutwa. Natumia Premiere Pro. Nimekosea wapi?

Hujakosea, ndugu yangu, ila ulidhani kwamba fremu kuu zimefungwa kwenye kingo za klipu, kumbe katika programu hiyo zimefungwa kwenye muda wa picha asilia. Uliposema kwamba ukubwa uwe 120 katika sekunde ya 8, programu iliandika hivyo hivyo, na ulipokata sekunde 3 za mwisho haikuibadilisha ahadi hiyo. Iliacha tu kukuonyesha sehemu iliyobaki. Piga hesabu: mwendo wa asilimia 20 katika sekunde 8 ni asilimia 2.5 kwa kila sekunde, kwa hiyo picha iliyokatwa mwisho inaishia kwenye 112.5, na ile iliyokatwa mwanzo inaanzia 107.5. Hesabu hiyo ni ya mwendo ulionyooka. Kama uliulainisha ili uanze na kuisha polepole, tarakimu zitatofautiana, lakini kasoro ni ileile. Inaonekana vibaya zaidi pale unapokata mwisho wa mwendo uliolainishwa, kwa sababu picha inakatika ikiwa bado inakwenda, mithili ya daladala inayoshusha abiria kabla haijasimama.

Swali hili la kufungwa ndilo litakalorudi katika karibu kila barua hapa chini, kwa hiyo nilieleze mara moja. Fremu kuu inaweza kufungwa kwenye muda wa video asilia ndani ya klipu, au kwenye kingo za klipu, yaani mwanzo wake na mwisho wake, au kwenye mstari wa muda wa mradi mzima bila kujali ni klipu gani iliyo chini yake. Anayejua fremu kuu yake imefungwa kwenye kipi kati ya hivyo vitatu ataweza kutabiri litakalotokea kabla hajagusa kipanya.

Kuhusu picha zako 40, usizirekebishe moja moja. Tengeneza picha ya kwanza ya sekunde 5 mpaka ikuridhishe, inakili, chagua zile 39 zilizobaki, kisha bandika sifa zake tu kwa amri ya Paste Attributes. Katika dirisha linalofunguka kuna kisanduku kilichoandikwa Scale Attribute Times, na wengi hukipita bila kukisoma. Kikiwa kimewekwa alama, fremu kuu hunyooshwa au kubanwa kulingana na urefu wa kila klipu inayopokea. Kisipowekwa, zinabandikwa kwa umbali uleule wa awali, na klipu iliyo fupi itaachwa na mwendo usioisha, yaani ugonjwa uleule ulioniandikia. Kama picha zako zote ni za sekunde 5 kisanduku hakina kazi, lakini siku mteja atakapotaka nyingine ziwe 4 na nyingine 7 utakikumbuka.

Kwa kazi ya picha mnato pekee, sioni aibu kukwepa fremu kuu kabisa. Final Cut Pro ina mvuto uliopewa jina la Ken Burns, mtengenezaji wa filamu za makala wa Marekani, na DaVinci Resolve ina kitu kinachoitwa Dynamic Zoom. Zote mbili hukupa fremu mbili za mstatili juu ya picha, ya kijani kwa ajili ya mwanzo na nyekundu kwa ajili ya mwisho, na mwendo hujinyoosha wenyewe kila unapobadilisha urefu wa klipu kwa kuwa umefungwa kwenye kingo. Mteja abadilishe mawazo mara tatu, wewe unavuta ukingo tu.

Shikamoo Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Nairobi. Niliikata klipu kwa wembe, ile zana ya programu ya kupasulia klipu, nusu ya pili nikaisogeza mbele. Nusu hiyo haina almasi hata moja, lakini picha inaendelea kusogea polepole. Nikibadilisha ukubwa, almasi mpya inazaliwa na mambo yanazidi kuharibika. Je, programu imeharibika?

Marahaba, mwanangu. Programu ni nzima. Wembe haugawi fremu kuu. Kila nusu hubaki nazo zote, pamoja na zile zilizoangukia upande wa pili wa mkato. Nusu yako ya pili imebeba almasi ambazo ziko nje ya mipaka yake, huzioni, lakini bado zinaivuta picha kutoka huko ziliko. Ukitaka kuziona katika Premiere Pro, fungua menyu ya paneli ya kudhibiti efekti na uondoe alama kwenye Pin to Clip. Paneli itapanuka kupita kingo za klipu, na hapo utazikuta zimekaa kimya nje ya kingo, moja kushoto na nyingine kulia.

Almasi mpya inazaliwa kwa sababu ile saa ndogo iliyo kando ya jina la sifa imewashwa. Saa ikiwa imewashwa, kila badiliko unalofanya ni fremu kuu mpya, si badiliko la klipu nzima. Ukitaka picha isimame, peleka kielekezi mahali ambapo ukubwa unakupendeza, kisha uizime saa hiyo. Programu itakuonya kwamba inafuta fremu zote kuu za sifa hiyo, nawe kubali, na ukubwa wa pale ulipo utabaki kwa klipu nzima ya nusu hiyo. Ile nusu ya kwanza haitaguswa, kwa kuwa tangu ulipopitisha wembe kila nusu ina nakala yake.

Umeniuliza pia, katika sehemu ya barua niliyoifupisha, kwa nini waliounda programu hizi walichagua utaratibu unaosumbua hivi. Fikiria kwamba umerekodi barabarani na unatakiwa kuficha namba ya gari linalopita. Umeweka doa la ukungu juu ya kibao cha namba na kulisogeza fremu kwa fremu, labda almasi 60, mpaka gari litoke kwenye picha. Sasa mhariri mkuu anasema uondoe sekunde 2 za mwanzo. Kama almasi zingefungwa kwenye ukingo wa klipu, zote zingesogea sekunde 2, doa la ukungu lingeelea juu ya lami tupu na namba ya gari ingesomeka na kila mtu. Zikiwa zimefungwa kwenye muda wa video asilia, unaweza kukata mwanzo, kukata mwisho, hata kuipasua klipu vipande kumi, na ukungu utabaki juu ya kibao chake. Kwa kuficha uso wa mtoto au wa shahidi, ningekataa kutumia programu isiyofanya hivyo. Tabia inayomkera mpiga picha wa Tanga ndiyo inayomwokoa mwandishi wa habari.

Siku nyingine, ikiwa unajua kwamba utakata mahali fulani na unataka mwendo uishie hapo, weka fremu kuu kwenye nukta ya mkato kabla ya kupitisha wembe, kisha kwenye nusu ya pili ufute zile zisizohitajika. Ucheze tena baada ya hapo, kwa kuwa mwendo uliolainishwa unaweza kubadilika kidogo unapoongezewa almasi katikati.

Ndugu Fundi, niko kwenye mafunzo kazini katika kituo cha runinga, Dodoma. Bango la jina la mgeni huingia kutoka kushoto, hukaa, kisha hutoka. Nililitengeneza kwa sekunde 5. Wageni wengine wanahitaji sekunde 9. Nikilirefusha, bango hutoka palepale pa zamani na sekunde 4 zinabaki tupu. Lazima nitengeneze mabango ya kila urefu?

Barua hii imenikumbusha aibu yangu. Niliwahi kukabidhi video ya sherehe ambayo jina la mama wa bwana harusi liliondoka kwenye skrini kabla mwenyewe hajafika kwenye neno "asanteni", na familia nzima ilikuwa imekaa sebuleni ikitazama. Nilikuwa nimelirefusha bango, nikaangalia mwanzo wake tu.

Unachohitaji ni bango lenye tabia mbili kwa wakati mmoja: fremu kuu za kuingia zifungwe kwenye mwanzo, za kutoka zifungwe kwenye mwisho, na katikati pawe ndipo panapovutika. Katika Premiere Pro, ukiwa umechagua bango lililotengenezwa humo humo na hujachagua leya (tabaka) yoyote ndani yake, paneli ya michoro (au Properties katika matoleo mapya) inakupa sehemu ya kuandika urefu wa utangulizi na urefu wa hitimisho. Andika, kwa mfano, sekunde 1 kwa kila upande, uhakikishe kwamba almasi zote za kuingia zimo ndani ya sekunde ya kwanza na za kutoka zimo ndani ya ile ya mwisho. Kuanzia hapo, vuta ukingo hadi sekunde 9 au 19, na bango litaondoka sekunde 1 kabla ya kuisha. Wanaotengeneza mabango katika After Effects wanaweza kuweka maeneo yaliyolindwa ya namna hiyo hiyo, kisha wakayapeleka Premiere Pro yakiwa kiolezo.

Almasi moja tu ikiponyoka nje ya eneo lililolindwa, bango litaingia kwa mwendo wa kobe kila unapolirefusha. Ikitokea hivyo, usianze upya. Itafute almasi hiyo iliyovuka mstari.

Ndugu Fundi, natengeneza makala za sauti hapa Mombasa. Chini ya sauti ya mzee anayesimulia nimeweka muziki wa taarabu, na kila anapozungumza nimeushusha. Nilipoondoa kikohozi cha sekunde 3 na kusogeza kila kitu nyuma, muziki ukaanza kushuka mahali pasipo na maneno na kupanda juu ya maneno. Tafadhali nisaidie.

Hapa kilichofungwa ni kile cha tatu, mstari wa muda. Katika programu nyingi sauti ina sehemu mbili za kuwekea fremu kuu: juu ya klipu yenyewe, au juu ya njia nzima ambayo klipu zinapita. Zile za klipu huhama pamoja na klipu. Zile za njia hubaki palepale zilipo, hata klipu zote zikihamishwa, kama matuta ya barabarani ambayo hayafuati magari. Dada yangu, nina hakika kwamba uliushusha muziki kwenye njia. Katika Premiere Pro kuna kitufe kwenye kichwa cha kila njia ya sauti kinachokuwezesha kuchagua kuonyesha fremu kuu za klipu au za njia, na kwa kuwa mistari hiyo miwili inafanana sana machoni, ni rahisi kufanya kazi ya saa nzima kwenye ule usioukusudia.

Tiba ya kazi iliyokwisha kuharibika ni ya mkono: chagua almasi zote za njia zilizo baada ya kikohozi, uzirudishe nyuma kwa sekunde 3 zilezile. Wanaotumia Reaper, programu ya kuhariri sauti, wana chaguo la kuamuru kwamba nukta za njia zihame pamoja na vipande vya sauti, na ningewashauri wawe na mazoea ya kutazama kama limewashwa kabla ya kukata chochote.

Hata hivyo sipendi kulaani fremu za njia. Zinafaa mwishoni kabisa, wakati mikato imekwisha na unasawazisha sauti ya kipindi kizima. Kwa muziki unaoshuka kumpisha msemaji, weka fremu kuu kwenye klipu ya muziki, na ufanye hivyo baada ya vikohozi vyote kuondolewa. Hata za klipu hazitakuokoa ukikata maneno ya mzee na kuuacha muziki mahali pake, kwa sababu klipu mbili haziambiani kitu.

Mheshimiwa Fundi, napiga picha za vikundi vya ngoma hapa Kampala. Katika After Effects nilipunguza kasi ya mchezaji iwe nusu, na jina lake nililolisogeza kando yake kwa fremu kuu liko sawa. Lakini mvuto wa karibu niliouweka kwenye klipu yenyewe nao umekuwa polepole. Mbona jina halikuathirika?

Kwa sababu jina ni leya nyingine. Katika After Effects ukiinyoosha leya kwa amri ya kunyoosha muda, fremu kuu zake nazo hunyooshwa. Mvuto wa sekunde 2 unakuwa wa sekunde 4. Ukitaka mchezaji apunguze kasi na mvuto ubaki wa sekunde 2, zikate fremu kuu hizo kabla ya kunyoosha, unyooshe leya, kisha uzibandike tena. Kama ulishanyoosha, zichague zote, shika kitufe cha Alt, au Option kwenye Mac, na uburute almasi ya mwisho kuelekea ya kwanza. Zitabanwa kwa uwiano bila kuharibu mpangilio wao.

Njia ninayoipenda zaidi ni kuifungasha klipu, yaani kuiweka ndani ya mfuatano wake peke yake. Ipunguze kasi ndani ya kifurushi, halafu uweke mvuto juu ya kifurushi kwa nje. Kila kimoja kinakuwa na saa yake, na ukibadilisha mawazo kuhusu kasi hutagusa mvuto. Ujanja huu unafanya kazi katika programu nyingi zinazoruhusu kuweka mfuatano ndani ya mfuatano, na ndio ninaoutumia ninapokuwa sijui programu ngeni itazifanyia nini fremu kuu zangu.

Fundi, laptopu yangu ni ya zamani na natumia Shotcut. Kuna fremu kuu nyepesi na zile za hali ya juu. Tofauti ni nini? (Msomaji, Mwanza)

Zile nyepesi ni vile viduara unavyoviburuta mwanzoni na mwishoni mwa kichujio, na kazi yake ni kufuata kingo, kwa hiyo zinafaa kwa kufifisha picha ikiingia au ikitoka. Zile za hali ya juu ni almasi unazoziweka popote. Sifa moja haiwezi kuwa na aina zote mbili. Ukianza kuweka za hali ya juu programu itakuomba ruhusa ya kuzifuta nyepesi. Chini ya Shotcut, kama ilivyo chini ya Kdenlive, kuna injini iitwayo MLT, ambayo ina desturi moja ninayoipenda: fremu kuu iliyoandikwa kwa namba hasi huhesabiwa kutoka mwisho wa klipu, kwa hiyo -1 ni fremu ya mwisho, klipu iwe na urefu wowote.

Mimi nahariri kwa simu, kwenye CapCut. Nitumie almasi au vile vionjo vya kuingia na kutoka? (Msomaji, Goma)

Kama unataka klipu iingie na kutoka kwa madoido tu, tumia vya kuingia na kutoka, kwa kuwa vimeshikamana na mwanzo na mwisho wa klipu. Almasi uziache kwa mwendo unaomfuata mtu au kitu ndani ya picha, na uziweke baada ya kumaliza kukata.

Ndugu Fundi, ninarusha ibada moja kwa moja kwa OBS. Kuna sehemu inaniuliza muda wa kifreimu. Sijaweka mwendo wowote kwenye picha. Niandike nini?

Jina moja, vitu viwili. Hizi tulizozizungumza tangu mwanzo zimerithi jina kutoka kwa wachoraji wa katuni: mchoraji mkuu alichora mikao muhimu ya mhusika, wasaidizi wakachora ya katikati, na katika miaka ya 1970 Nestor Burtnyk na Marceli Wein wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada wakaifanya kompyuta ichukue kazi ya wasaidizi. Hiyo ya OBS inahusu ubanaji wa video. Ili kupunguza uzito, kibanaji hutuma fremu moja kamili, kisha hutuma mabadiliko tu mpaka fremu kamili inayofuata. Ile kamili ndiyo inayoitwa hivyo, nayo haihusiani na kusogeza wala kuvuta chochote. YouTube inapendekeza ije kila baada ya sekunde 2, na isizidi 4. Andika 2 kwenye kisanduku hicho, maana OBS ikiachiwa 0 hujiamulia yenyewe.